Uvumi wa Kuitwa Mapema: Udahili wa Vyuo Vikuu Ukitazamwa kutoka Funyula

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne (KCSE) yakishatangazwa, Funyula, katika kaunti ya Busia mpakani na Uganda, huanza kusikika maneno yale yale. Fulani ameshaitwa Nairobi kusomea udaktari. Orodha ya kwanza imetoka, ya pili ni ya wenye pesa. Kuna mtu Busia anayeweza kukushikia nafasi. Wakuu wa elimu hujibu kwa kuonya umma dhidi ya matapeli. Onyo hilo ni la haki, ila linachukulia kwamba anayeamini uvumi ni mjinga. Mimi nashikilia kwamba uvumi huu una mantiki, na kwamba mantiki hiyo imetokana na historia ya udahili nchini na ujirani wa mpaka.

Kwanza, ukweli wa mfumo wenyewe. KUCCPS, taasisi iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 kuchukua nafasi ya Bodi ya Pamoja ya Udahili (JAB), haina mlango wa mapema kwa yeyote. Waombaji wa kozi moja hushindanishwa pamoja kwa alama za klasta, zinazozingatia masomo yanayohitajika na kozi hiyo, ambazo upeo wake ni 48. Waliokosa hupewa duru nyingine ya kuchagua upya. Zile alama za mwisho za kuingilia udaktari au sheria, zinazozungumzwa kila mahali, ni alama za mwanafunzi wa mwisho kupata nafasi. Hazipangwi na mtu kabla ya ushindani. Huzaliwa na ushindani wenyewe. Kwa hiyo anayezitaja kabla ya uteuzi ama anataja za mwaka uliopita ama anabuni. Isitoshe, wanafunzi wawili wenye B+ wanaweza kutofautiana katika klasta, na mmoja akaitwa huku mwenzake akiachwa. Kijijini jambo hilo huonekana kama upendeleo, kwa sababu hakuna aliyewaeleza hesabu yake.

Lakini kuna wakati kuitwa mapema kulikuwa jambo la kweli. Enzi za JAB, vyuo vya umma vilipokea wanafunzi kulingana na uwezo wa mabweni, na aliyefuzu aliweza kukaa nyumbani karibu miaka miwili akingoja. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha masomo ya wanaojilipia, na vyuo vingine vikafuata. Tangu hapo mwenye karo aliweza kuingia darasani huku jirani yake mwenye alama za juu zaidi akiendelea kuchunga ng'ombe. Mzazi wa leo aliyeyaona hayo kwa macho yake hawezi kulaumiwa akiambiwa kwamba pesa huharakisha barua, naye akaamini. Hali ilibadilika 2016, udhibiti wa mtihani ulipokazwa na waliopata C+ na zaidi wakawa 88,929 tu. Nafasi zikawatosha. Ushindani ukahamia kwenye kozi chache zinazotamaniwa, lakini kumbukumbu ya zamani haikufutika.

Kisha kuna mpaka. Wasamia wako pande zote mbili za mto Sio, na binamu wa mtahiniwa wa Funyula huenda amesoma Lumino au Masafu, upande wa Uganda. Uganda, nafasi za vyuo vikuu zinazofadhiliwa na serikali hutangazwa kwa awamu: kwanza walioshinda kwa alama kitaifa, kisha wale wa mgao wa wilaya, utaratibu ulioanza 2005. Binamu anaposema orodha ya kwanza imetoka, hasemi uongo. Ujumbe wake ukivuka mto hupoteza jina la nchi na la mtihani, maana yeye amemaliza kidato cha sita, si cha nne. Unafika Funyula ukiwa maneno mawili tu: orodha imeshatoka.

Allport na Postman walieleza 1947 kwamba uvumi hukua kadiri jambo lilivyo muhimu na lilivyo na utata. Ni kweli, ila haitoshi. Luise White, katika utafiti wake wa mwaka 2000 kuhusu hadithi za wazimamoto waliosemekana kunyonya damu Afrika Mashariki, alituonyesha kwamba uvumi unaweza kusomwa kama ushahidi wa jinsi watu wanavyoielewa mamlaka. Uvumi wa Funyula unasema kwamba walio karibu na ofisi hujua kwanza. Sioni kosa katika ufahamu huo. Madhara huja pale uvumi unapotumiwa na dalali. Mtahiniwa asiye na kompyuta huenda saiba, humpa mhudumu namba yake ya mtihani na nywila, naye mhudumu huziandika kwenye daftari lililo wazi juu ya kaunta. Yeyote mwenye namba hizo anaweza kubadilisha kozi zake, kisha akamtoza ada ya kuzirudisha.

Nitaambiwa kwamba maelezo yote yako mtandaoni. Yako, kwa Kiingereza, kwa mwenye bando. Tarehe ya kutolewa uteuzi itangazwe siku ile ile matokeo yanapotangazwa, na hesabu ya klasta ifundishwe kidato cha nne kabla ya watahiniwa kuondoka shuleni. Chuo Kikuu cha Alupe kimo katika kaunti hii hii ya Busia. Wahadhiri wake na wafike Funyula, Sio Port na Nambale mara tu matokeo yatokapo, waketi na wazazi, wawaeleze kwa lugha wanayoielewa.