Mlezi Mdogo wa Gusii

Mkono mmoja haulei mwana. Methali hii yajulikana pwani na bara. Lakini katika vilima vya Kisii na Nyamira mkono wa pili ulikuwa, kwa muda mrefu sana, mkono wa mtoto mwenzake. Mtoto huyo kwa Ekegusii aliitwa omoreri, maana yake mlezi. Tutazame habari zake, kwani ndani yake mna fundisho kwa vijana wa leo.

Mama wa Kigusii wa zamani alikuwa mkulima. Alipokwenda kupalilia wimbi, mtoto mchanga aliachwa mikononi mwa dada yake, ambaye pengine alikuwa na umri wa miaka sita au saba tu. Dada alimbeba mgongoni, akamnywesha uji wa wimbi, akambembeleza alipolia. Kama nyumba haikuwa na msichana, mvulana alishika kazi hiyo. Wavulana wengine walichunga ng'ombe. Jioni nyanya aliwakusanya wajukuu, akawasimulia ngano na kuwatega vitendawili. Vijana wa kiume waliokwisha kutahiriwa walikaa katika egesarate, yaani boma la ng'ombe, wakilinda mifugo isitekwe na adui. Basi kila rika lilikuwa na kazi yake, na kila kazi ilikuwa shule.

Mpango huo ulianza kulegea Waingereza walipoingia. Walipigana na Wagusii mwaka 1905 na tena mwaka 1908, na haukupita muda mrefu Serikali ikaamuru maboma yale ya vijana yavunjwe. Mwaka 1911 mapadre Wakatoliki walifungua misheni huko Nyabururu. Waadventista wa Sabato wakafuata huko Nyanchwa. Shule zikaanza, na wengi wa waliotangulia kupelekwa walikuwa wavulana. Omoreri alibaki nyumbani na mtoto mgongoni.

Kati ya mwaka 1955 na 1957 wataalamu wawili wa Marekani, Robert na Barbara LeVine, walikaa katika mtaa mmoja wa Gusii ambao waliuita Nyansongo, na kitabu chao kikatolewa mwaka 1966. Walimkuta omoreri angali kazini. Hapa yatupasa kusema kweli ya pande zote mbili. Kazi ile ilimfunza mtoto saburi, utii na huruma, mambo ambayo hayafundishiki kwa chaki. Lakini ilikuwa na gharama, na gharama hiyo aliilipa msichana zaidi ya mvulana. Mara nyingi kaka alijua kusoma kwa sababu dada alikubali kubeba.

Mwaka 1974 Serikali ya Kenya iliondoa karo katika madarasa manne ya kwanza. Mwaka 2003 karo iliondolewa katika shule zote za msingi za serikali, na Katiba ya mwaka 2010 ikampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Ndipo omoreri alipofunguliwa mlango wa darasa. Lakini mtoto mchanga hakuondolewa kwa sheria. Mama bado analima, bado anachuma majani ya chai, na baba pengine yuko mjini akitafuta riziki. Ni nani atakayembeba mtoto?

Nilipata kumfundisha msichana mmoja ambaye kila siku ya soko daftari la mahudhurio lilimwonyesha hayupo. Nilipomwuliza, alijibu kwa upole kwamba mama huenda kuuza ndizi, na mtoto hana wa kumtazama. Nikalifungua daftari la kaka yake, aliyekuwa darasa la juu yake. Hakukosa hata siku moja.

Hatuwezi kurudi katika siku za egesarate, wala si vema kutamani kurudi. Lakini wazee wetu walijua jambo moja ambalo tusilipoteze: mtoto ni mzigo wa wengi. Wao waliugawa kwa rika. Sisi yatupasa tuugawe kwa haki. Serikali ina sehemu yake, na vyumba vya watoto wadogo vilivyo karibu na shule ni msaada mkubwa. Baba ana sehemu yake. Na wewe, kijana usomaye maneno haya, ikiwa umeketi darasani siku ya soko, jiulize ni nani aliyebaki nyumbani.