Mita mbili ukutani: historia fupi ya maji moto Nairobi

Leo naweka programu kando niwasimulie historia kidogo, kwa sababu nimeikuta imepigiliwa ukutani.

Nilikuwa nimekwenda kuangalia nyumba ya kupanga Lavington, zile za zamani za mawe na paa la vigae. Nyuma ya jikoni kulikuwa na mita mbili za stima. Ya pili waya zake zilikuwa zimekatwa. Mzee anayetunza boma akaniambia, "Hiyo ilikuwa ya maji moto, kijana wangu."

Nikarudi nyumbani kuchimbua majedwali ya zamani ya bei za stima. Kumbe mzee alisema kweli! Jedwali la 1999 lilikuwa na kundi liitwalo D0, na lile la 2008 likaliita IT. Ilikuwa stima ya bei nafuu iliyotolewa saa ambazo mahitaji ni madogo, na kampuni ilikuwa na haki ya kuikata. Ndiyo maana ilihitaji mita yake.

Hesabu yake ni rahisi. Kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunahitaji karibu uniti 4.7. Hita ya kilowati 3 inamaliza kazi hiyo kwa saa moja na nusu hivi. Tangi lililofunikwa vizuri halijali kama ulilipasha saa mbili usiku au saa tisa usiku. Asubuhi utaoga tu. Sisi wa kompyuta tunaijua mbinu hii: kazi isiyo na haraka unaipanga usiku, seva zikiwa zimepumzika.

Wenzetu wa Denmark wameifanya kwa ukubwa wa mji mzima. Copenhagen hupashwa joto kwa maji moto yanayopita kwenye mabomba chini ya barabara. Upepo ukivuma sana na stima ikawa rahisi, wanachemsha maji kwa stima na kuyaweka kwenye matangi makubwa. Ufaransa nako, hita za nyumbani zilikuwa zikiwashwa usiku kwa ishara ya hezi 175 iliyotumwa ndani ya waya zilezile za stima. Huo ni mtandao uliokuwa ukifanya kazi kabla ya intaneti kufika majumbani!

Sasa turudi kwetu. Kilimani na Kileleshwa nyumba za zamani zilibomolewa, maghorofa yakapanda, na mengi yakawekwa shawa za kupasha maji papo hapo. Shawa hizo hazina tangi, kwa hiyo hazina subira. Nyumba 1,000 zikiwasha shawa za kilowati 5 kwa pamoja, hizo ni megawati 5, na watu huoga saa zilezile.

Wakati huohuo Olkaria ilikuwa ikikua. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ulianza 1981. Mwaka 2014 zikaongezwa megawati 280. Mvuke wa ardhini haulali usiku. Lakini mwaka 2025 mahitaji ya nchi yalipita megawati 2,300 jioni, na usiku wa manane hushuka hadi karibu nusu. Kwa hiyo jioni tunahangaika kutafuta stima, na usiku mvuke mwingine unaachiliwa hewani bila kazi.

Desemba 2017 viwanda na biashara kubwa zilipewa bei ya usiku, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Jedwali la 2023 likawakumbuka wenye magari ya umeme. Hita ya maji ya nyumbani, iliyokuwa na mstari wake, haimo tena.

Kinachonisikitisha ni kwamba hatukushindwa kwa sababu ya teknolojia. Tulikuwa nayo, tukaibomoa pamoja na nyumba. Lakini angalieni juu ya mapaa ya Westlands: baada ya kanuni za mwaka 2012 za kupasha maji kwa jua, matangi yamerudi, na mengi yana hita ya stima ya akiba ndani. Kinachokosekana ni saa ya kuiwasha usiku, na bei itakayomfanya mwenye nyumba ajali.

Ile mita ya Lavington bado iko ukutani. Nyumba yenyewe sikuimudu.