Redio ya chumbani: mgeni wa simu asisikie sauti yake mwenyewe

Redio ndogo ya intaneti haishindwi na maikrofoni wala na muziki. Hushindwa anapoingia mtu wa tatu. Mmempigia bibi aliye Lamu kwa WhatsApp, mnataka awaeleze harusi za zamani zilivyokuwa. Asema neno moja, neno lamrudia sikioni mwake baada ya nusu sekunde. Anyamaza. "Mwanangu, kuna mtu mwengine huko?" Mazungumzo yamekufa hapo hapo, na wasikilizaji wakafunga. Wazee hawazungumzi na mwangwi, na ni wazee hao hao tunaowataka hewani kabla hawajaondoka na waliyo nayo kifuani.

Ndugu wa Pwani wanaotaka kufungua redio ya namna hii wananiuliza sana jambo hili, kwa hivyo naliandika mara moja lisomwe na wote. Mimi nakaa Kamere, kusini mwa Ziwa Naivasha, kwenye barabara ya South Lake inayopita mashamba ya maua. Watu wa hapa wametoka kila pembe ya Kenya kutafuta kazi, na Wapwani tumo, si wengi. Mawimbi ya FM hayatoki Mombasa yakafika huku, basi redio yetu hupita kwenye intaneti, na chombo chake ni laptopu moja tu.

Ndani ya laptopu hiyo mna programu tatu zinazohitaji kusikizana. Moja yacheza nyimbo. Mimi natumia Mixxx, ambayo ni ya bure. Ya pili ni simu, WhatsApp au Zoom. Ya tatu yapeleka matangazo kwenye seva. Butt yatosha, nayo ni ya bure pia. Tatizo ni kwamba kompyuta haikuundwa ili programu zisikizane. Kila moja yajua kutoa sauti kwenye spika na kusikiza maikrofoni, basi. Butt ikisikiza maikrofoni haitasikia taarabu wala mgeni, isipokuwa uache spika wazi na maikrofoni izoe kila kitu, pamoja na pikipiki za nje na jogoo wa jirani. Zamani watu walichukua waya wakauchomeka kutoka tundu la hedifoni hadi tundu la maikrofoni. Ulifanya kazi kwa mvumo mwingi, na laptopu nyingi za siku hizi zina tundu moja tu.

Dawa yake ni waya usioonekana, yaani programu inayojifanya spika upande mmoja na maikrofoni upande wa pili. Kwenye Windows unaojulikana zaidi ni VB-Cable, kazi ya Mfaransa Vincent Burel. Ukishaiweka utaona majina mawili mapya kwenye orodha ya sauti, CABLE Input na CABLE Output, na hapa ndipo watu hupotea. Ufikirie kama mfereji wa maji. Input ndipo unapomimina, kwa hivyo yatokea kwenye orodha ya spika. Output ndipo unapokinga, kwa hivyo yatokea kwenye orodha ya maikrofoni. Mixxx imimine kwenye Input, Butt ikinge kwenye Output.

Waya mmoja watosha kwa anayepiga nyimbo tu. Akiwapo mgeni wa simu hautoshi, na kosa la wengi ni kumimina kila kitu kwenye mfereji mmoja kisha kuuelekeza kwenye matangazo na kwenye simu pia. Sauti ya bibi yaingia mferejini, yarudi kwake. Mwangwi ule si ubovu wa mtandao, ni sisi tumemrudishia maneno yake. Zahitajika michanganyiko miwili: wa wasikilizaji, wenye kila kitu, na wa mgeni, wenye kila kitu isipokuwa yeye mwenyewe.

Kwa kazi hii Burel huyo huyo ana Voicemeeter Banana, meza ya kuchanganyia sauti iliyo kwenye skrini. Ina milango mitatu ya vifaa vya kushikika, miwili ya programu, na njia tano za kutokea: A1, A2 na A3 za spika na hedifoni, B1 na B2 za kwenda kwenye programu nyingine. Mimi nimeipanga hivi. Maikrofoni yaingia mlango wa kwanza, nyimbo mlango wa kwanza wa programu, simu mlango wa pili wa programu. A1 ni hedifoni zangu. Butt inasikiza B1. Simu imeambiwa maikrofoni yake ni B2. Kisha vitufe: maikrofoni iwashwe B1 na B2, nyimbo ziwashwe A1, B1 na B2, mgeni awashwe A1 na B1, na B2 yake izimwe. Kitufe hicho kimoja kilichozimwa ndicho kinachomfanya bibi aendelee kuzungumza. Ikiwa programu ya simu haikupi nafasi ya kuchagua spika na maikrofoni yake, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya Windows, kuna ukurasa unaoipa kila programu njia yake.

Wenye Linux wana raha zaidi kuliko wanavyojua. PipeWire, iliyoanzishwa na Wim Taymans, huja tayari kwenye Fedora tangu 2021 na Ubuntu tangu toleo la 22.10, na ukiiongezea qpwgraph unavuta mistari kwa kipanya kutoka programu hadi programu, unaona kwa macho nani anakwenda wapi. Kabla yake kulikuwa na JACK ya Paul Davis, na programu zilizoandikiwa JACK bado hufanya kazi humo. Wenye Mac watafute BlackHole.

Mambo mengine ni madogo lakini huudhi. Kila mahali weka kipimo kimoja, 48000 kwa sekunde. Kimoja kikiwa 44100, huenda ukasikia mkwaruzo na usijue watoka wapi. Programu za simu huona muziki kuwa kelele na kuufuta, kwa hivyo usishangae mgeni akikwambia taarabu yakatika katika. Zoom ina kitufe cha sauti asilia cha kuzuia hilo. Na vaa hedifoni. Spika ikiwa wazi, maikrofoni yako itamzoa mgeni upya na kazi yote ya B2 itakuwa bure.

Kuhusu bando: matangazo ya kilobiti 64 kwa sekunde hula kama megabaiti 29 kwa saa kutoka kwako, wawe wasikilizaji watano au mia. Ni seva, kwa mfano ya Icecast, inayobeba mzigo wa kumgawia kila mmoja.

Nazungumzia intaneti hapa. Anayetaka mtambo wa FM, hata mdogo wa mtaani, aanze kwa leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kituo cha kwanza cha redio ya jamii Kenya, kile cha Homa Bay kilichosaidiwa na UNESCO, kilifunguliwa 1982 na serikali ikakifunga 1984, na mitambo yake ilikuwa midogo vilevile. Nyimbo nazo zina wenyewe, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 haibagui redio ya chumbani.

Kabla ya kumpigia mzee, jaribuni na kijana. Ahesabu moja hadi kumi. Akifika kumi bila kusita, B2 iko sawa. Butt yaweza kurekodi huku ikitangaza, basi iwashe, lakini mwambie mgeni mapema kwamba yuko hewani na kwamba sauti yake itahifadhiwa, kwa adabu na kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Faili ipe jina la mgeni, mji wake na tarehe, na nakala moja mpelekee mjukuu wake.