Mbona Hawahami?

Kila mara mlima Nyiragongo unapolipuka, huko mashariki ya Kongo, swali moja husikika redioni na vibarazani: mbona watu wa Goma hawahami? Aghalabu anayeuliza huwa amekwisha jijibu moyoni kwamba watu hao ama ni wajinga ama ni wakaidi. Nililisikia swali hilo mwaka 2002, nikalisikia tena mwaka 2021. Naona linastahili kujibiwa kwa historia, si kwa dharau.

Tuanze na mlima wenyewe. Shuleni wengi wetu tulifundishwa kuwa volkano ni za namna tatu. Kwanza, kuna vilima vya majivu na vikokoto, kama kile cha Parícutin kilichochipuka katika shamba la mkulima nchini Meksiko mwaka 1943, kikakua kwa miaka tisa, kisha kikazimika. Pili, kuna volkano pana zilizolala kama ngao, ambazo hutoa zaha nyepesi, yaani mawe yaliyoyeyuka, nayo husambaa mbali. Mauna Loa ya Hawaii ndiyo mfano wake. Tatu, kuna milima mirefu yenye miteremko mikali, iliyojengwa kwa matabaka ya zaha na majivu, kama Kilimanjaro na Meru kwetu Tanzania.

Hii namna ya tatu ndiyo tuliyoambiwa kuwa ni ya kuogopwa. Uji wake wa mawe ni mzito, na gesi hunaswa ndani yake kama mvuke katika chungu kilichofunikwa. Siku kifuniko kinaporuka, maafa huwa makubwa. Tarehe 8 Mei 1902, katika kisiwa cha Martinique, mlima Pelée ulishusha wingu la gesi na majivu ya moto juu ya mji wa Saint-Pierre. Watu wapatao 28,000 waliangamia kwa dakika chache.

Mafunzo hayo ni mazuri kwa kuanzia, lakini Nyiragongo una mambo yake. Kwa umbo ni wa namna ya tatu: una urefu wa mita 3,470 na ubavu wake ni mkali. Kwa tabia, hata hivyo, zaha yake ni miongoni mwa zile nyepesi kabisa duniani, kwa sababu ina upungufu wa silika, madini ambayo huufanya uji wa mawe kuwa mzito na wa kunata. Jirani yake, Nyamulagira, ni ngao halisi. Hulipuka mara nyingi zaidi, ila kwa kawaida zaha yake humwagikia msituni. Basi milima miwili iliyo ujirani mmoja haifanani kwa umbo wala kwa madhara. Anayetaka kuujua mlima hana budi kuuliza ulifanya nini jana na juzi.

Na huu ulifanya nini? Kwa miongo kadhaa ndani ya kasoko yake kulikuwa na ziwa la zaha lililotokota mchana na usiku. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima ulipasuka, na ziwa lote likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Kwa kuwa zaha ilikuwa nyepesi na mteremko ni mkali, inakadiriwa kuwa ilishuka kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa. Huo ni mwendo wa gari barabarani. Waliokuwa mashambani chini ya mlima hawakuwa na pa kukimbilia, na makumi ya watu walikufa.

Tarehe 17 Januari 2002 ulipasuka tena, na safari hii nyufa zilifika karibu na ukingo wa mji. Zaha ilikatiza katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikaunguza kanisa kuu na maduka, mwisho ikaingia katika Ziwa Kivu. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwamo makumi walioangamia kituo cha mafuta kilipolipuka. Wapatao 120,000 walibaki bila makazi. Maelfu kwa maelfu walivuka mpaka kwenda Gisenyi, nchini Rwanda, na baada ya siku chache wengi wao wakarudi, wakikanyaga mawe ambayo yalikuwa bado ya moto.

Ni kurudi huko kulikowashangaza walimwengu. Lakini msomaji, hebu tujiulize: walikuwa warudi wapi kama si kwao? Miaka minane tu kabla ya hapo, Julai 1994, umati mkubwa wa wakimbizi kutoka Rwanda ulivuka mpaka uleule kwa upande wa pili na kufikia Goma. Kipindupindu na kuhara damu viliua makumi elfu kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Katika maafa hayo volkano ilikuwa na mkono wake, ingawa haikulipuka. Ardhi ya pale ni zaha ya kale iliyoganda. Jembe halipiti. Vyoo havikuchimbika, na hata makaburi yalichimbwa kwa taabu kubwa. Watu wa Goma waliyaona hayo kwa macho yao, na walijua maisha ya kambini ni maisha gani. Mwaka 2002 walipotakiwa kuchagua baina ya kambi na jiwe la moto, walichagua jiwe.

Kuna jambo jingine ambalo aliye mbali halioni kwa urahisi. Mlima huohuo unaoua ndio unaolisha. Majivu na mawe ya volkano, yakipewa muda wa kuoza, hugeuka udongo wenye rutuba nyingi. Ndiyo maana miteremko ya Virunga imejaa mashamba na watu. Zaha iliyoganda huchongwa kuwa matofali na kuta za nyumba. Tena vita vya vijijini vimewasukuma watu kuingia mjini mwaka hadi mwaka. Anayekimbia bunduki hasimami kwanza kuuliza habari za volkano.

Wala si kweli kwamba wenyeji hawaijui hatari yao. Katika mabonde ya kando ya ziwa kuna mahali ambapo hewa ya ukaa hutoka ardhini. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama katika mashimo, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Mbuzi akiingia humo hatoki, na mtoto vivyo hivyo. Haina rangi wala harufu. Wenyeji huiita mazuku, na neno hilo wataalamu wa volkano wamelichukua kama lilivyo, wakalitia katika maandishi yao ya lugha za kigeni. Nani basi aliyemfundisha mwenziwe?

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, na wananchi hawakuwa wamepewa onyo lolote. Watu wapatao 30 walikufa na maelfu ya nyumba yaliteketea, ingawa zaha ilikoma kabla ya kuufikia uwanja wa ndege. Siku tano baadaye, kwa kuhofia mlipuko mwingine chini ya mji au chini ya ziwa, serikali iliamuru mitaa 10 ihamwe, na watu wapatao 400,000 wakaondoka. Hofu ya ziwa haikuwa bure, kwani Kivu limebeba vilindini wingi wa hewa ya ukaa na methani. Mwaka 1986 Ziwa Nyos la Kamerun lilitapika gesi ya namna hiyo, ikaua watu wapatao 1,700 usiku mmoja.

Hapo ndipo ninapoona swali letu limeelekezwa kwa wasiostahili. Goma kuna kituo cha kuchungulia volkano, na wataalamu wake ni wenyeji. Lakini mwaka 2020 msaada wa fedha kutoka nje ulikatika, na kwa miezi kadhaa kabla ya mlipuko kituo kilikosa hata fedha za kulipia intaneti ya kuletea habari kutoka kwenye mitambo iliyo mlimani. Pengine hata mitambo yote ingefanya kazi, dalili zingekuwa hafifu. Mlima huu ni mgumu kutabirika. Lakini mlinzi asiyepewa taa hawezi kulaumiwa kwa giza.

Watu wa Goma hawahami kwa sababu hawana mahali pengine palipo salama zaidi, na kwa sababu wamejenga maisha yao juu ya jiwe lilelile lililowaunguza. Wao hulijua hilo kuliko sisi. Tungelifanya jema zaidi kama tungewauliza waliokabidhiwa ulinzi wao: ni nani anayeuchungulia mlima usiku huu, na akiona jambo, habari itawafikia watu kwa njia gani kabla ya zaha?