Mseto wa Jeni: Istilahi ya Virusi vya Mafua ya Nguruwe

Kirusi cha mafua aina ya A hakibebi jeni zake katika uzi mmoja. Zimegawanyika katika vipande 8 vya RNA, kila kimoja peke yake. Kwa hiyo virusi viwili tofauti vikiingia katika seli moja, seli hiyo hunakili vipande vya vyote viwili, na kirusi kinachozaliwa huweza kuchukua vingine huku na vingine kule. Kwa hesabu, miungano 256 inawezekana. Tukio hilo naliita mseto wa jeni.

Wapo wanaoliita mabadiliko ya jeni. Jina hilo tuliachie kazi yake: RNA inaponakiliwa kwa kosa dogo hapa na pale, kirusi hubadilika kidogokidogo, msimu hadi msimu. “Upangaji upya” nao unapotosha, maana anayepanga upya huvihamisha vitu vilevile vilivyokuwamo, ilhali hapa kuna kilichoingia kutoka nje. Mseto unatosha. Kama vyama katika serikali ya mseto, kila kipande huingia kizima na asili yake ikaendelea kutambulika.

Nguruwe anatajwa sana kwa sababu njia yake ya hewa ina vipokezi vya namna mbili: vinavyonaswa na virusi vya ndege na vinavyonaswa na virusi vya binadamu. (Ugonjwa ambao virusi hivi vya aina ya A humletea nguruwe tuuite mafua ya nguruwe. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa Kenya mwaka 1921, ni ugonjwa mwingine kabisa, na haimpati binadamu.)

Aprili 2009, kirusi kipya cha H1N1 kilitambuliwa Mexico na Marekani. Kufikia Juni 11, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetangaza janga la dunia nzima. Wachunguzi walipovisoma vipande vyake vyote, walikuta koo kadhaa ndani ya kirusi kimoja. Jeni za PB2 na PA asili yake ni ndege wa Amerika Kaskazini. PB1 ilipitia kwa binadamu, katika virusi vya H3N2. HA, NP na NS ni za ukoo mkongwe wa nguruwe, ule ambao Richard Shope aliutangaza Marekani mwaka 1931. Na mbili zilizobaki, NA na M, zilitoka kwa nguruwe wa Ulaya na Asia. Sita za kwanza zilikuwa zimekwisha kukutana katika nguruwe wa Amerika Kaskazini miaka mingi kabla. Mseto wa 2009 ulijengwa juu ya mseto mwingine.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba maabara isiishie kusoma HA peke yake, hata kama ndiyo inayotoa ile “H1” ya jina. Anayesoma HA ya kirusi cha 2009 bila vipande vingine ataona nguruwe mkongwe tu. Ndege, binadamu na nguruwe wa ng’ambo watampita. Tangu 2009 kirusi hicho kimerudi kwa nguruwe katika nchi nyingi, na humo kinaunda miseto mipya na virusi kilivyovikuta.