Nduthi Yako, Ufunguo wa Nani?

Wasee, leo tunaongea historia, lakini si ile ya kukariri majina ya magavana wa kikoloni ndio upite mtihani. Hii ni ya juzi tu: historia ya nduthi za stima zenye mbio za kutisha, kompyuta ndani na intaneti juu yake. Naiandika kwa sababu mtaani watu wanachukua nduthi za stima kwa mkopo kila siku, na kuna swali moja sisikii likiulizwa. Wenye pesa wa Marekani na Ulaya walishakutana nalo. Swali ni hili: ukishaibeba nyumbani, nani mwingine anaweza kuizima?

Tuanzie Isle of Man, kisiwa kilicho katikati ya Uingereza na Ireland. Huko kuna mbio za pikipiki zinaitwa TT, zilianza 1907. Mzunguko mmoja ni karibu kilomita 60, barabara ya kawaida ya kupita vijijini, kuta za mawe huku na huku. Ukikosea kona, si nyasi zinakungoja. Tarehe 12 Juni 2009 waliruhusu kwa mara ya kwanza mbio za pikipiki zisizotoa moshi. Aliyeshinda ni Rob Barber, kwa wastani wa kilomita 140 hivi kwa saa. Watu wa petroli walicheka. Mashine zao zilikuwa zinapita hapo kwa mbio kubwa zaidi, na hizi za stima hazikuwa na hata kelele ya kukuamsha.

Lakini angalia ile mashine ya Barber. Iliitwa Agni. Fremu ilikuwa ya Suzuki ya petroli iliyotolewa injini, na mota zilitokana na kazi ya Mwingereza mmoja anaitwa Cedric Lynch. Huyu mzee aliacha shule mapema, akajifunza ufundi mwenyewe, na anajulikana kwa kutembea bila viatu. Mota yake ya kwanza, mwishoni mwa miaka ya 70, aliitengeneza kwa mabati ya mikebe ya supu aliyoyagonga yakalala. Mikebe! Huyo ungempeleka Kamukunji saa hii angepata nafasi ya kukaa, apewe na nyundo. (Mimi mwenyewe niliacha chuo, kwa hivyo ndiyo, nina upendeleo kwa huyu jamaa.)

Shika hiyo picha, tutaihitaji: nduthi ya stima iliyoshinda kule ilitoka kwa watu waliofungua vitu wakaona vinafanyaje kazi.

Baada ya hapo mambo yalienda haraka. 2012, Michael Rutter akiwa juu ya MotoCzysz, mashine ya kampuni ndogo ya Portland, Oregon, alivuka wastani wa maili 100 kwa saa. Hiyo ni kama kilomita 167. Kufikia 2019, huyohuyo Rutter, sasa akiwa juu ya Mugen ya Kijapani, alifika karibu kilomita 196. Yaani miaka kumi tu, kutoka 140 mpaka 196, kwenye barabara ileile.

Na 2013 kukatokea ile ya kuwanyamazisha waliocheka. Kuna mlima Marekani, Colorado, unaitwa Pikes Peak. Mbio zake ni kilomita 20 za kupanda, kona 156, na mwisho uko juu ya mita 4,300. Huko juu hewa ni nyembamba, injini ya petroli inakosa pumzi kama mtu wa Mombasa aliyepelekwa Mlima Kenya bila kuambiwa. Mota ya stima haipumui. Carlin Dunne alipanda na Lightning ya stima kwa dakika 10 na nukta kidogo, akawapiga wote wa pikipiki za petroli, na aliyemfuata alikuwa nyuma kwa sekunde kama 20. Kwa mbio, sekunde 20 ni aibu.

Sasa, kompyuta inaingia wapi? Hapa tuwe makini, kwa sababu kuna vitu viwili watu huchanganya.

Cha kwanza ni kompyuta yenyewe. Kwa nduthi ya petroli ya kawaida tuliyoizoea, ukizungusha mkono wa mafuta, waya unavuta, kabureta inafunguka, mafuta yanaingia. Fundi anaona kila kitu kwa macho. Kwa nduthi ya stima hakuna hiyo waya. Kuna sensa inayopima umezungusha kiasi gani, inaambia kompyuta, na kompyuta ndiyo inaamua mota ipewe stima kiasi gani. Kompyuta nyingine inachunga betri: inapima joto na volti, ndio seli isichemke ikaleta moto. Bila hizo kompyuta hakuna nduthi ya stima ya maana. Hiyo sina shida nayo hata kidogo.

Cha pili ni laini ya simu iliyowekwa ndani ya mashine, ikiongea na seva ya kampuni. Hiyo si lazima ndio nduthi iende. Hiyo ni uamuzi wa mtu. Na historia ya huo uamuzi ndiyo ninataka uione.

Kulikuwa na kampuni San Francisco inaitwa Mission Motors. 2011 mashine yao, Mission R, ilishinda mbio za stima pale Laguna Seca, California, na muda wake uliwashtua hata watu wa petroli. 2013 likatangazwa toleo la barabarani: kompyuta kamili ndani, kamera, ramani, intaneti ya simu. Ilikuwa kama simu mpya imewekewa magurudumu. Lakini 2015 Mission Motors ikafunga. Reuters iliripoti mkuu wao wa zamani akisema Apple ilichukua mainjinia wake muhimu, na hapo kampuni ikaisha nguvu. Kwa hivyo tayari somo la kwanza lilikuwa mezani: mashine inaweza kuwa kali kuliko zote na kampuni ife kabla mashine haijazeeka.

Waliokuja nyuma hawakulichukua hilo somo. 2019 Harley-Davidson, wale wa kelele, walianza kuuza LiveWire ya stima kwa karibu dola 30,000. Ilikuwa na laini ya simu ndani: ikiguswa ukiwa mbali, simu yako inakuambia. Ikimaliza chaji, inakuambia. Mwaka huohuo Zero ya California ikaleta SR/F, nguvu-farasi 110, na mfumo wake wa kompyuta unaoongea na simu na intaneti. Poa sana. Halafu kufikia matoleo ya 2022, Zero ikafungua duka ndani ya programu yake. Sikiza vizuri: kuna uwezo ambao tayari uko ndani ya mashine uliyonunua, lakini umefungwa. Unataka ichaji haraka zaidi? Lipa. Iende mbali zaidi kidogo kwa chaji moja? Lipa. Vishikio vipate joto mikono isigande? Waya wa joto uko pale tayari, umelala chini ya kiganja chako, lakini lipa ndio uamshwe.

Naelewa hoja yao: bei ya kuanzia inashuka, mwenye hataki halipi. Sawa. Lakini kitu kilibadilika hapo, na kilibadilika kimyakimya. Lynch na mikebe yake alikuwa anajua kila kona ya mota yake. Mteja wa 2022 ana kitu nyumbani kwake ambacho sehemu yake bado iko mikononi mwa muuzaji.

Halafu kukaja kipindi cha kampuni kuanguka. Damon ya Vancouver ilionyesha HyperSport pale Las Vegas Januari 2020: nguvu-farasi 200, rada na kamera pande zote za kukuonya kabla hujagongwa. Watu wakaweka oda. Miaka ikaenda, wakabaki wanangoja. Energica ya Italia, waliotengeneza pikipiki zote za mashindano ya MotoE kutoka 2019 hadi 2022, wakafika Oktoba 2024 na kutangaza wanafilisika. Hao hawakuwa matapeli wala wanafunzi wa majaribio. Walikuwa wamejenga mashine za kushindana mbele ya dunia nzima, na bado pesa iliisha.

Mfano wa kunitisha zaidi hata si wa pikipiki, ni wa baiskeli za stima. VanMoof ya Amsterdam ilikuwa inauza baiskeli za bei, zinazofunguliwa kwa simu. Julai 2023 ikafilisika. Wenye baiskeli wakagundua kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekifikiria dukani: ufunguo wao wa kidijitali ulitoka kwa seva za kampuni. Seva zikizimwa, ukipoteza simu, baiskeli ya maelfu ya euro inageuka chuma. Ilibidi kampuni pinzani, Cowboy, itengeneze haraka programu ya kuwasaidia kuhifadhi funguo zao. Hebu fikiria, mshindani ndiye anakuokolea mali yako!

Sasa turudi nyumbani. Nduthi za stima za hapa si za mbio. Hakuna mtu anashinda Pikes Peak akiwa amebeba gunia la viazi na mama mmoja. Lakini ule mfumo wa intaneti umetufikia mzimamzima. Kwa kampuni nyingi za kubadilisha betri, wewe unanunua nduthi, betri inabaki ya kampuni. Wanafuata betri ilipo, imebaki chaji kiasi gani, na wanaweza kuifunga wakiwa ofisini.

Kuna jamaa wa boda hunibeba mara nyingi. Siku moja tumesimama ninunue maji, kurudi, nduthi kimya. Alikuwa amelipa asubuhi kwa M-Pesa lakini malipo hayakuwa yamesoma kwa mfumo wao. Nduthi haikuwa na shida yoyote. Betri ilikuwa na chaji. Alipiga simu saa nzima, mimi nikatafuta mwingine, na wateja wake wa saa ya kurudi kazini wakaenda. Kampuni yenyewe nakosa sababu ya kuitaja, kwa sababu hilo lingetokea kwa yeyote mwenye mfumo kama huo. Hakuna fundi wa Grogan angemsaidia. Hakukuwa na bolti ya kufungua.

Najua upande wa pili, na una uzito. Watu wa boda wanaibiwa nduthi, wengine wanauawa kwa sababu yake. Kifaa cha kufuata nduthi kinasaidia. Na anayekukopesha bila shamba wala payslipu anataka uhakika, la sivyo asingekukopesha kabisa. Petroli ikipanda, stima inaokoa mtu pesa ya maana kila siku. Sisemi mrudi kwa petroli.

Nasema uliza kabla ya kuweka sahihi. Nikilipa mpaka shilingi ya mwisho, uwezo wa kuizima unaondoka au unabaki? Kampuni ikifunga, betri napata wapi, na naweza kuchaji kwa soketi ya nyumbani? (Hapa Nairobi, Roam wanauza inayochajika kwa soketi ya kawaida, kwa hivyo usiambiwe haiwezekani.) Mkinizimia kimakosa, mnanilipa ile siku? Na rekodi ya kila mahali nilipoenda, nani anaiona? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuomba data yako, na hiyo haki si ya mawakili wa Upper Hill peke yao.

Mtu mmoja akiuliza, ataambiwa achukue au aache. Sacco nzima ya stage ikiuliza, mkataba utaandikwa upya. Kwa hivyo kama baba yako, ndugu yako ama yule jamaa wako wa boda yuko karibu kuchukua nduthi ya stima, msomee hayo maswali leo, kabla hajaweka sahihi. Na kama tayari anayo, mwambie aulize hilo la kwanza na ajibiwe kwa maandishi.