Jibini la Shangazi na Ukungu Usioalikwa

Shangazi yangu anaishi Ubaruku, wilayani Mbarali. Kule ukitaja maziwa, mtu anawaza mtindi na ugali. Ukitaja jibini, anakuuliza umetoka Dar lini. Kwa hiyo nilishangaa aliponipigia simu kwamba ametengeneza jibini lake mwenyewe: kachemsha maziwa, kakamulia ndimu, kachuja kwa kitambaa, katia chumvi, kafunga kwenye kopo la plastiki. Alitaka likae mwezi mzima "likomae kama yale ya dukani". Wiki ya pili likaota manyoya ya kijani, na mengine meusi.

"Wewe si ndiye msomi wetu?" akaniambia. "Nitafutie maelezo ya mtu anayeanza. Na uniambie, nikwangue nile, au nitupe?"

Nikatafuta. Maelezo mengi niliyoyapata yanadhani una friji maalumu, kipimajoto na duka la vifaa mtaa wa pili. Nikaona nianzie mbali kidogo, kwenye historia. Twende pamoja, msomaji, maana jibu la shangazi limejificha humo.

Kwa nini wazee wetu hawakutengeneza jibini gumu?

Si kwamba maziwa ni mageni kwetu. Mwaka 2020 watafiti walichapisha uchunguzi wa mabaki ya mafuta kwenye vigae vya vyungu vya kale kutoka Kenya na Tanzania, wakakuta dalili za maziwa. Wafugaji wa ukanda huu wanajua maziwa tangu maelfu ya miaka. Kule Poland, vigae vyenye matundu vya miaka zaidi ya 7,000 vilikutwa na mafuta ya maziwa, yaani vilikuwa vichujio vya jibini. Tofauti imetoka wapi?

Fikiria hali zenyewe. Jibini gumu huhitaji kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na kwa karne nyingi kilitoka kwenye tumbo la ndama anayenyonya. Ng'ombe wetu wa asili hutoa maziwa kidogo, na mara nyingi hayaachii bila ndama kuwa karibu. Ukimchinja ndama, umejinyima maziwa yenyewe. Halafu jibini gumu hukomaa vizuri kwenye ubaridi wa nyuzi kama 10 hadi 13. Bonde la Usangu halina ubaridi huo. Ulaya walikuwa nao kwenye mapango na vyumba vya chini ya ardhi, na walikuwa na majira marefu ya baridi ya kuwekea akiba.

Sisi tukaenda njia ya mtindi. Bakteria wanageuza sukari ya maziwa kuwa asidi, na wadudu wengi wa magonjwa hawaipendi. Wakalenjin wa Kenya waliongeza hatua nyingine: wanasugua ndani ya kibuyu kwa mkaa wa mti wa senetwet kabla ya kutia maziwa. Wamasai nao hufukiza vibuyu vyao kwa vijinga vya mti. Hiyo ni teknolojia ya kuhifadhi chakula, tusiite mazoea tu. Hata neno "jibini" lenyewe tumelipata kutoka Kiarabu.

Nyanda za Juu Kusini jibini lilikuja kwa mlango mwingine. Njombe, ambayo hadi 2012 ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa, ina baridi ya kutosha na ng'ombe wa maziwa. Shirika la Kiitaliano la CEFA, lenye asili Bologna, lilisaidia wafugaji wa huko kuwa na kiwanda cha maziwa, na jibini za mtindo wa Kiitaliano zikaanza kutoka kule kule. Kutoka Njombe hadi Ubaruku si mbali sana, ila unashuka karibu mita elfu moja, na joto unalikuta chini linakusubiri.

Ukungu upi rafiki, upi adui?

Ufaransa wanaotesha ukungu kwa makusudi. Roquefort ina mishipa ya bluu ya Penicillium roqueforti, na Camembert imevaa koti jeupe la Penicillium camemberti. Hao wamechaguliwa, wanapandwa kama mbegu, na chumba kinatunzwa ili wasije wengine. Ukungu wa kwenye kopo la shangazi haukualikwa na mtu. Huwezi kuujua kwa rangi.

Kosa lake lilikuwa wapi? Ndimu. Jibini la ndimu lina maji mengi, na halikutengenezwa likae. Asidi inawazuia bakteria wengi, lakini ukungu unavumilia asidi vizuri tu. Ukiupa unyevu, hewa na joto la Ubaruku, umeuandalia karamu. Jibini la namna hiyo ni la kula ndani ya siku chache, likiwa kwenye ubaridi. Likiota ukungu, tupa lote, kwa sababu nyuzi zake hupenya ndani usikoona. Jibini gumu ndilo unaloweza kukata sentimita mbili na nusu kuzunguka doa ukala linalobaki.

Nilidhani hapo nimemaliza kazi. Kumbe bado.

Ukungu usioonekana kwenye jibini

Mwaka 1960, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza ndani ya miezi michache. Chanzo kilikuwa mashudu ya karanga yaliyoota kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Sumu yake ikapewa jina la aflatoksini, na Kiswahili tunaiita sumukuvu. Mwaka 1963 watafiti wa huko wakaonyesha kwamba ng'ombe akila mashudu hayo, sehemu ya sumu inatoka kwenye maziwa ikiwa imebadilika umbo kidogo.

Hapa ndipo jibini linapoingia. Umbo hilo la sumu, liitwalo M1, hung'ang'ania kwenye protini ya maziwa, na jibini ni protini iliyokusanywa pamoja. Kwa hiyo kilo moja ya jibini huwa na M1 nyingi kuliko kilo moja ya maziwa iliyotoka. Kuchemsha hakuiondoi. Viwango vya kimataifa vinaruhusu mikrogramu 0.5 tu kwa kilo ya maziwa, kiasi ambacho jicho wala ulimi havikioni. Madhara yake ni ya polepole, na ini ndilo linaloumia.

Usiseme ni mambo ya Wazungu na batamzinga wao. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 wakafa. Hapo ilikuwa mahindi ya kuliwa moja kwa moja. Basi jiulize: mahindi yaliyoota ukungu nyumbani kwenu huwa yanakwenda wapi? Kwetu jibu ni lile lile siku zote: "Wape ng'ombe."

Nikampigia shangazi nikamuuliza kuhusu pumba. Ubaruku ni nchi ya mpunga, mashine za kukoboa haziko mbali, na pumba ndiyo chakula cha ng'ombe wake. Akanyamaza kidogo. Gunia zimekaa chini, banda linavuja, na zile za chini zimeshikana mabonge. Maziwa hayo anakunywa mjukuu wake kila asubuhi.

Nikamwandikia maelezo ya mtu anayeanza, yakatosha ujumbe mmoja wa simu. Pumba ziwe kavu, juu ya mbao, mbali na ukuta. Zilizoshikana mabonge asimpe mnyama yeyote. Sufuria na kitambaa vichemshwe. Maziwa yachemke kwanza, ndimu ifuate, chumvi mwisho. Jibini lifunikwe, liwekwe kwenye friji, liliwe ndani ya siku tatu. Na kama ana hamu ya lililokomaa, anunue la Njombe.

Akajibu: "Jibini nimeelewa. Ila gunia nne za pumba nitupe, ng'ombe ale nini wiki hii?"

Swali la haki kabisa. Tukakubaliana atupe mbili zilizoharibika, zilizo kavu azianike juani na kuzitumia kwanza, na mimi nichangie bati la banda. Bati limeshafika. Wewe nawe, kabla hujatafuta namna ya kutengeneza jibini, kaangalie kwanza gunia la chini kabisa.